Uji wa Bi Mwaija

Wahenga hawakuwa wafuga nyoka, lakini walituachia methali isemayo kuwa maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Maana yake ni kwamba jambo lililofichwa, hata likiwa la hatari namna gani, halitolewi kwa kelele wala vitisho. Hutolewa kwa kauli njema. Mwenye shaka na asikilize yaliyomkuta Filomena, mkunga wa kituo cha afya kimoja cha Handeni, njia ya kwenda Kwamsisi.

Filomena alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Bungu, kule milimani Korogwe. Hasira alikuwa nazo kama watu wote, ila alijua kuzimeza. Asubuhi moja alimpokea Mwanaidi, mwenye mimba yake ya kwanza, aliyesindikizwa na mama mkwe wake, Bi Mwaija, aliyeikumbatia chupa ya uji kama mtu aliyebeba kichanga. Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Kabla ya adhuhuri, uchungu ukaanza kumjia Mwanaidi mfululizo, bila kumpa hata nafasi ya kuvuta pumzi. Filomena aliposikiliza moyo wa mtoto tumboni, aliona mapigo yanazidi kupungua.

Uchungu wa namna ile aliujua. Ulikuwa na mkono wa mtu: dawa ya mizizi ya kuharakisha uzazi, ambayo wengi hupewa nyumbani na wachache hukiri.

"Mmempa nini huyu?" alifoka Loveness, muuguzi mwenzake kijana. "Semeni! Akifa mtakuja kutulaumu sisi!"

"Hajapewa kitu," alijibu Bi Mwaija, huku akivuta kitenge chake na kuifunika ile chupa. Mwanaidi akamtazama mkwewe, kisha akageukia ukutani.

Filomena pia alitamani kufoka. Nani asingetamani, mtoto anapotea mbele ya macho yake? Lakini alijua kwamba mtu akishaaibishwa hujifunga kama konokono, na hapo hata umwombe vipi hatoki. Alimwomba Loveness amlaze Mwanaidi ubavu wa kushoto, amtundikie dripu, kisha aite gari la wagonjwa. Yeye akachuchumaa mbele ya Bi Mwaija na kumshika mkono.

"Shikamoo, mama. Tumekupokea vibaya, hata salamu hatukukupa. Tusamehe."

"Marahaba," alijibu Bi Mwaija shingo upande.

"Naona unampenda sana mkweo. Una hofu gani, mama?"

Swali hilo Bi Mwaija hakulitegemea.

"Binti yangu Mwanaisha alifia kwenye uchungu," alisema. "Ulikuwa mrefu, ukamchosha, nguvu zikamwisha. Sikutaka na huyu achelewe."

"Pole sana, mama. Hata mimi sitaki tumpoteze. Nikijua alichokunywa, nitajua namna ya kumsaidia. Hakuna atakayekufokea tena, wala kukupeleka popote."

Bi Mwaija akaifunua chupa, machozi yakimlengalenga. "Dawa imo humu, kwenye uji. Kila mkigeuka nampa kidogo. Hata sasa hivi nilikuwa nangoja mgeuke."

Filomena aliipokea chupa kwa mikono miwili, kwa adabu, akaiweka mbali. Mwanaidi hakunywa tena. Polepole tumbo likaanza kulegea, na mapigo ya mtoto yakapanda. Gari lilipofika, Filomena alipanda nao hadi hospitalini, akawaeleza madaktari kila kitu bila kumtia aibu mama wa watu. Mwanaidi akafanyiwa upasuaji, na alasiri haijaisha, kilio cha mtoto wa kiume kikasikika hadi kwenye korido. Filomena aliegemea ukuta, akacheka na kulia kwa pamoja. Mama mzima, mtoto mzima! Furaha gani inazidi hiyo?

Bi Mwaija akamsogelea. "Nesi, nikwambie ukweli," alinong'ona. "Yule mwenzako alipofoka, niliapa moyoni: mkitoka tu, namnywesha yote iliyobaki, azae haraka tuondoke pale."

Filomena akamkumbatia. Kelele zingeua watu wawili mchana kweupe. Salamu na swali moja la upole ndivyo vilivyowaokoa. Hakika, maneno mazuri humtoa nyoka pangoni.