Kidukari Alivyomfundisha Kiboko Kuwa Jani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa jani!
Jani la nani?
La mwenye kulinyonya!

Basi, juu ya mharagwe mmoja aliishi Kidukari, Bi Zuwena, mdudu mdogo kama kichwa cha pini. Yeye na wanawe arobaini walinyonya utomvu mtamu wa jani, wakanenepa. Mharagwe nao ulikunywa maji ya mfereji uliotoka bwawani.

Kiangazi kikaingia. Kiboko akaja, pu! akajitupa bwawani, na tumbo lake likaziba mdomo wa mfereji. Swala akaja kuomba tone, akafukuzwa. Kanga akaja kuomba tone, akafukuzwa. Jani likaanza kujikunja, utomvu ukakauka, wanawe Bi Zuwena wakalia njaa. Mama mtu hakuweza kuwatazama.

Akapanda jani kavu lililokuwa likidondoka. Upepo ukambeba, fyuu, hadi sikioni mwa Kiboko. Akamwamkia kwa adabu, akamweleza kwamba yeye hushiba sukari bila kutafuna chochote. Kiboko, aliyechoka kutafuna majani kutwa, akataka kujua sukari hiyo inatoka wapi.

"Jani hujipikia, bwana wangu," akasema Bi Zuwena. "Jua hupiga ujani wake, ta! Kichembe kidogo mno, kiitwacho elektroni, huruka. Ndani ya jani wapokezi wamejipanga mstari: wa kwanza hukidaka, akampa wa pili. Wa pili humpa wa tatu. Kila kikipokewa hushuka nguvu kidogo, na nguvu hiyo hufanya kazi, kama maji ya kijito yanavyozungusha gurudumu. Kikichoka, jua hukipiga tena, ta! Kikaruka tena, kikapokewa tena, mpaka jikoni. Hapo nguvu yake na hewa hupika sukari."

"Na pale kilipotoka?"

"Maji hupasuliwa, yakatoa kichembe kingine kuziba pengo. Pumzi safi ikatoka, pff."

Yote hayo yalikuwa kweli tupu.

Kiboko akafikiri. Maji alikuwa nayo tumboni. Jua lilikuwapo. Akauliza kuhusu ule ujani.

Bi Zuwena akatambaa hadi ukingo wa sikio. Akautazama mgongo wa Kiboko, umejaa ukoga wa bwawa.

"Mgongo wako wote ni kijani, bwana," akasema. "Nenda tu kilimani, usimame, usisogee."

Kiboko akatoka, pwata, pwata, pwata. Nyuma yake mfereji ukafunguka, chururu. Swala akanywa. Kanga akanywa. Mharagwe ukanyanyuka.

Kule kilimani jua likampiga, ta! Ngozi ikamwasha, akadhani vichembe vinaruka. Likampiga tena, ta! Akadhani vimepokewa. Siku ya tatu jasho jekundu likamtoka, akalilamba, akalalamika kwamba ni chumvi.

"Hiyo ni sukari guru," Bi Zuwena akamwambia kutoka sikioni. "Haijaiva."

Siku ya tano ukoga ulikauka ukapukutika, na Kiboko akakimbilia mto mkubwa wa mbali, ngozi imembabuka, tumbo tupu. Bi Zuwena alikuwa ameshuka mapema, akarudi nyumbani kwa upepo. Alikuta wanawe wamekuwa mia moja, wote wana vitambi.

Hadithi imekwisha, mwenye kiu na anywe.

Na funzo lake, wanangu: uongo haufai hata kidogo. Bi Zuwena aliusema mara mbili tu, na angalieni taabu iliyompata, watoto mia wa kulisha.