Usiachie Kwenye Nembo

Wa huko nyuma mnanisikia? Haya, sogeeni mbele, leo nina habari ya simu. Najua ninyi na simu hamtengani. Hata sasa kuna mtu ameiweka chini ya kitabu cha nyimbo na anadhani simwoni.

Kulikuwa na mama mmoja, mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja wa milimani. Jina lake msiniulize, tumwite Mama Nakiete yaishe. Mama huyu nota hajui hata moja, wala hajawahi kuandika wimbo kwenye karatasi. Yeye hutunga akiwa kazini. Anakamua ng'ombe, wimbo unamjia. Anapepeta maharage, wimbo unamjia. Hapo hapo anachomoa simu kwenye kanga, anaimba humo, anairudisha, anaendelea na kazi. Siku ya mazoezi anaifungulia, kwaya inadaka.

Basi akafiwa na mumewe, na nyimbo zikakatika. Miaka minne, ndugu zangu! Kwaya ikabaki inarudia zile zile, mpaka ikianza ubeti wa kwanza watoto wanamalizia wa tatu. Halafu, baada ya miaka hiyo minne, yuko shambani anang'oa maharage, wimbo ukamjia. Aliketi palepale kwenye udongo akalia kwa furaha. Kesho yake ukaja mwingine. Ndani ya mwezi mmoja akawa na nyimbo saba, zote za kumshukuru Mungu. Hakumwambia mtu. Alitaka aishtukize kwaya kabla ya sikukuu ya mavuno. Zote zilikuwa kwenye simu tu, maana yeye akishaimba kwenye simu, kichwa chake kinajifuta.

Sasa sikilizeni. Siku moja simu ikamwuliza kama inaweza kujisasisha. Akabonyeza ndiyo, kwani yeye anajua nini? Katikati ya kazi hiyo chaji ikaisha. Ijumaa asubuhi anaichaji, anaiwasha, kitu hakuna. Kioo cheusi tii.

Mnajua ilivyo mtu akipata shida usharikani. Wanakwaya walijaa nyumbani kwake kabla chai haijachemka, na kila mmoja ni fundi. Mmoja akaizika simu kwenye mchele, na wala haikuwa imelowa! Mwingine akaianika juani. Wa tatu, mama wa sauti ya pili, akasema, "Mwalimu, kubali matokeo. Simu ni simu, utapata nyingine."

"Simu nitapata," Mama Nakiete akamjibu. "Nyimbo nitazipata wapi? Miaka minne nimekuwa mkavu, dada. Mungu amenifungulia mwezi mmoja tu. Hizi zikipotea mimi sitatunga tena, nawaambieni ukweli."

Hapo ndipo wakajua zipo nyimbo.

Wakaondoka msafara mzima hadi ofisi ya usharika, kwa sababu kule kuna kompyuta. Katibu akampigia fundi mmoja wa mjini. Kuja hawezi, mvua imekata barabara. Lakini akasema niwekeni kwa sauti kubwa, nitawaelekeza. Simu ya katibu ikalazwa mezani, wote wakainama juu yake.

"Mama, hiyo haijafa," fundi akasema. "Mfumo wake ndio umevurugika, haujui kuamka. Ila kuna sehemu ndogo ndani kabisa ambayo haiharibiki. Ipo, inasubiri kuambiwa. Tukiifikia hiyo, kompyuta itaupanga mfumo upya. Ichomekeni waya wa kompyuta."

Mama Nakiete akaanza kulia tena, safari hii kwa kusikia neno "haijafa."

"Bonyeza sauti ya juu, achia. Sauti ya chini, achia. Sasa bonyeza kitufe cha pembeni ushikilie. Shikilia tu mpaka uone picha ya waya."

Akashikilia. Moja, mbili, tatu... Mara kioo kikapata mwanga, ikatokea ile nembo ya kampuni, nyeupe, katikati ya giza! Lo! Ninyi mngefanyaje? Ofisi ililipuka. Vigelegele, mama wa sauti ya pili anaruka na kitenge kinamdondoka, na Mama Nakiete mwenyewe kanyanyua mikono yote miwili juu, "Asante Yesu!"

Nembo ikazimika. Cheusi tii.

"Imetokea picha ya waya?" fundi akauliza.

"Hapana baba, imerudi kulala."

"Ajabu. Rudia."

Wakarudia. Sauti ya juu, sauti ya chini, cha pembeni, shikilia. Nembo hiyo! Vigelegele hivyo! Makofi! Wengine wameshaanza pambio. Na nembo ikazimika tena. Mara ya tatu hivyo hivyo. Sasa Mama Nakiete akaketi kwenye benchi, simu mapajani, akasema kwa sauti ndogo, "Yatosha jamani. Nimeelewa. Mungu alinionjesha tu."

Fundi kule mjini alikuwa anahesabu vigelegele. Halafu akasema, "Samahani akina mama. Mimi siwaoni, nawasikia tu. Nasikia vigelegele, halafu mnaniambia imezima. Kila mara, vigelegele, halafu imezima. Hebu niambieni, mkiona nembo, aliyeshika anafanya nini?"

Wakatazamana. Mama wa sauti ya pili akaziba mdomo kwa kitenge.

"Nanyanyua mikono, baba," Mama Nakiete akasema. "Si tunamshukuru Mungu?"

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Mama yangu! Nembo siyo kupona. Nembo ni simu inajaribu kuamka kwa mfumo ule ule ulioharibika. Ukiiachia hapo inaanguka, kwa sababu haijapata cha kusimamia. Ukiiona nembo, hapo ndipo ushike zaidi. Wenzako waimbe wakitaka, wewe shika!"

Akainuka. Akajifunga kanga kiunoni kama anakwenda kulima. Sauti ya juu, sauti ya chini, cha pembeni. Nembo ikaja. Wanakwaya wameng'ata midomo, mmoja kajikumbatia, na Mama Nakiete anakaza kidole mpaka ukucha umekuwa mweupe, anajisemea, "Bado. Bado. Bado." Nembo ikapotea, na mahali pake ikaja picha ya waya.

"Ipo!" katibu akapiga kelele. "Fundi, kompyuta imeiona! Inaniuliza, kuna vitufe viwili."

"Taratibu, katibu. Kimoja kinafuta kila kitu kinaanza upya. Kingine kinapanga mfumo na kumwachia mama vitu vyake vyote. Soma mara mbili, ubonyeze hicho cha pili."

Katibu akasoma mara nne. Akabonyeza. Wakangoja karibu saa nzima, mstari unatambaa kwenye kioo, hakuna aliyetoka hata kwenda msalani. Halafu simu ikawaka. Mama Nakiete akafungua pale anapohifadhi sauti zake. Moja, mbili... saba. Akagusa ya kwanza. Yakasikika maharage yanang'olewa, kuku analia kwa mbali, na sauti yake mwenyewe ikiimba kama msichana wa miaka ishirini.

Na fundi, kutoka mjini, akasema, "Haya mama, sasa nyanyua mikono!" Wee! Waliokuwa sokoni walidhani kuna harusi.

Mmecheka, na mimi nimefurahi mkicheka. Sasa naomba mnitazame.

Mwezi wa tatu, baba mmoja, mwimbaji wetu wa besi, alisimama hapa, hapa nilipo mimi. Mnamjua, na watoto wake mnawajua. Akasema pombe basi. Mliinuka wote. Vigelegele vilinizidi hata mimi na kipaza sauti changu. Tulimkumbatia, tulimwimbia, wengine walilia. Jumatatu yake nani alikwenda kumjulia hali? Jumanne? Wiki ya pili, kiu ilipomrudia usiku na mchana, alikuwa na namba ya nani? Leo hayupo hapa, amerudia pombe, na sisi tunasemaje? "Alikuwa anatudanganya." Hakudanganya, ndugu zangu. Alikuwa anaamka kwa mwili ule ule uliozoea, na sisi tuliona mwanga kidogo tukanyanyua mikono. Mikono ile ile iliyokuwa imemshika!

Simlaumu mtu mwingine. Mchungaji ni mimi. Nilipiga makofi, nikaandika jina lake kwenye taarifa ya mwezi, nikaendelea na ratiba.

Lakini nina habari njema, na ndiyo iliyonifanya nije leo nikicheka. Jana nilikwenda kwake. Nilidhani atanifukuza. Alifungua mlango, akanitazama, akaniuliza swali moja tu: "Mchungaji, bado kuna nafasi yangu kwenye besi?" Mnasikia? Ndani kabisa kuna mahali hapajaharibika, panasubiri kuambiwa! Mungu hakumfuta. Ni sisi tuliokuwa tunasoma kitufe kibaya.

Kwa hiyo leo sitaki mwombe kwanza. Nimeandika karatasi ya zamu za kumtembelea, siku saba, ipo pale mlangoni. Jumatatu nimeshajaza jina langu. Jumanne iko wazi.