Paa Lililoliwa na Mgeni Rasmi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitikia kama wagonjwa. Nyie watu wazima huko nyuma pia, msijifanye hamnisikii. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na kamati na kila kamati na mwenyekiti wake, kulikuwa na kijiji kiitwacho Majabalini. Kilikuwa mbali! Mbali hasa. Barabara yenyewe ilichoka, ikaishia njiani, siku mbili kabla hujafika.

Huko aliishi Pimbi mmoja, mjane, akiitwa Mama Sikitu. Binti yake, Sikitu, alitaka shule. Asubuhi shule, jioni shule. "Mama, nitaanza lini?" Lakini shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, na juu ya bonde alizunguka Tai. Mwaka mmoja alimnyakua mtoto wa jirani, fyuu! Tangu hapo Mama Sikitu akakataa. Mtoto akabaki nyumbani analia, na mama analia naye.

Wanyama wakasema, tuchange, tujenge shule yetu wenyewe. Wakachanga kweli. Nyuki wakatoa asali, ikauzwa mnadani, ikapatikana misumari na mlango. Fisi, kwa meno yao yale, wakakata nguzo na fito. Waliobaki wote wakakata nyasi za kuezekea, rundo likafika kifuani kwa Twiga.

Mwenyekiti alikuwa Tumbili. Akakohoa, kho, kho. "Harambee bila mgeni rasmi ni harambee gani? Tumwalike Mheshimiwa Ndovu!"

Ndovu akaja. Akakaa. Akatazama huku na huku. Loo, mgeni ana njaa! Na mgeni mwenyewe ndovu, utampa karanga? Tumbili akanong'ona, "Mpeni zile nyasi." Nyam, nyam, nyam. Jamani, akala paa zima! Akashushia na fito. Kisha akasimama, akatoa karatasi, akasoma, "Naahidi kuwajengea shule ya matofali!" Makofi pa! pa! pa! Akaenda zake. Matofali? Hata kipande hakikuja.

Sasa mtasema walijifunza. Wapi! Mwaka uliofuata wakachanga upya, na Tumbili akasema, "Tumwalike tena, atatuletea ile ahadi." Wote wakaitikia ndiyo. Wanyama wale, mimi sijui niwaseme vipi.

Mwaka huo alikuwapo Mwalimu Hondohondo, amekuja kufundisha. Alisema waziwazi, "Mvua ikinikuta bila darasa, naondoka." Na begi lake alikuwa hajalifungua.

Siku ikafika. Nguzo zimesimama, fito zimepigiliwa, nyasi zimerundikwa mbele ya kiti cha mgeni. Watoto wakapangwa mstari waimbe. Wakangoja. Jua likapanda. Wakangoja. Jua likafika utosini. Watoto miguu inawauma, mgeni hayupo. Kwa mbali wingu jeusi likanguruma, guruu!

Mwalimu akatazama wingu. Akachukua begi lake.

Mama Sikitu akalitazama lile begi. Akaona mwanawe atakua, atazeeka, hajui hata kuandika jina lake. Akainuka. Akabeba mganda wa nyasi, akapanda nguzo, kwaru, kwaru, kwaru, akaanza kufunga.

"Mama Sikitu!" Tumbili akaruka. "Hizo nyasi ni za mgeni!"

"Ni za mwanangu, Mwenyekiti. Zimenichana mikono yote miwili. Mwaka jana nilinyamaza. Leo sinyamazi."

"Utatuaibisha!"

"Acha niaibishe. Jamani huko chini, nipeni mganda mwingine!"

Wanyama wanatazama miguu yao. Kisha bibi mmoja Kanga akainuka, akapeleka mganda. Fisi naye akainuka. Mara wote wako kazini, wengine juu, wengine chini. Lete, funga! Lete, funga! Hata Mwalimu akaweka begi chini, akashika kamba.

Mganda wa mwisho ulipofungwa, wakasikia: gudu, gudu, gudu.

Ndovu huyo, na koti lake. Tumbili akaanza kuomba radhi kabla hajaulizwa.

"Chakula changu kiko wapi?" Ndovu akanusa. Akainua mkonga hadi paani, akashika nyasi.

Mama Sikitu alikuwa palepale juu. "Shikamoo, Mheshimiwa. Naomba uachie. Hilo ni paa la darasa. La mwaka jana ulilila."

"Nilikula paa?"

"Lote."

Ndovu akaachia. Masikio yakamlegea kwa aibu. "Mama, mimi kila ninakokwenda nawekewa nyasi. Nilijua ni chakula. Mbona hamkuniambia?"

Wakatazamana. Kweli, nani alimwambia? Hakuna.

"Na matofali, Mheshimiwa?"

"Yalikuwa kwenye karatasi. Karatasi nilipewa na Mwenyekiti."

Tumbili akakuna kichwa, akatafuta pa kujificha.

"Sasa nifanye nini?" Ndovu akauliza.

"Vua koti," akasema Mama Sikitu. "Udongo wa kukandika kuta haujakanyagwa, na miguu yetu ndiyo hii, midogo."

Ndovu akavua koti. Chwaka, chwaka, chwaka! Yeye anakanyaga, wenzake wanakandika. Hata mvua ilipoanza kumwagika, kuta mbili za upande wa upepo zilikuwa tayari, na ndani hakukudondoka tone.

Mwalimu akawaingiza watoto papo hapo. "Semeni, a!" Wakasema. Mama Sikitu akasimama chini ya upenu, tope hadi kwenye nyusi, anasikiliza.

"Mwenye sauti kubwa kuliko wote ni wangu," akamwambia Ndovu, na machozi yakamtoka kwa furaha.

Ndovu hakuenea ndani. Alikuwa nje, analowa. Akainama, akatega sikio lake kubwa. "Mwambie aseme tena," akasema. "Na mimi sijui kusoma. Ile karatasi nilikaririshwa."

Basi, wakubwa kwa wadogo, kilichochangwa kwa ajili ya watoto kiwafikie watoto kwanza, na mgeni, hata awe mkubwa namna gani, aambiwe ukweli. Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aende nayo kwake, na mimi nipeni maji, koo limekauka.