Fisi Aliyekalia Kisima

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, kama mmekauka koo? Paukwa tena!

Pakawaaa!

Ndiyo hivyo. Hapo kale, kale ya babu wa babu zenu, mvua iligoma. Mto ukakauka. Ukabaki mchanga, mchanga, mchanga tu. Wanyama wakawa wanalamba umande kwenye majani, na umande nao ukaadimika.

Siku moja Tembo akapita. Akapiga mguu mchangani, tih! tih! tih! Akachimba. Maji yakachuruzika. Akanywa, akaenda zake. Shimo akaliacha wazi, kama ilivyo desturi ya tembo, ili anayekuja naye anywe.

Aliyekuja ni fisi mmoja mzee, jina lake Kingugwa. Mchoyo huyo, hana mfano! Siku tatu hajatia tone mdomoni. Alipoyaona maji, moyo ukamruka. Akainama anywe. Mara akasikia, kekeke! kekeke! Bi Kanga huyo, na vifaranga sita.

"Wakiyaona watayamaliza," Kingugwa akawaza. Hata kunywa hakunywa. Akageuka, akakaa juu ya shimo. Pwaa! Shimo lote likazibwa na matako yake.

"Shikamoo, mzee Kingugwa."

"Marahaba, Bi Kanga."

"Mbona umekaa juani mchana huu?"

Kingugwa akababaika. "Naumwa kiuno, mwanangu. Hata kuinuka siwezi."

Ah! Hapo ndipo alipojiponza. Mgonjwa haachwi peke yake, nani asiyejua? Bi Kanga akaketi. Vifaranga wakaketi. Ngiri akapita, akaambiwa kuna mgonjwa, naye akaketi.

"Ugua pole, mzee," akasema Ngiri.

"Nendeni tu, mkatafute maji. Mimi nitapona."

"Tukuache ufe peke yako? Wenzetu watatuonaje?"

Jua likawaka. Huku chini maji yanamtekenya, bwibwibwi. Huku juu ulimi unaning'inia, mkavu. Maji anayo, yamemlowesha hadi mkia, na kunywa hawezi. Akiinuka tu, ameumbuka.

"Mzee, mbona umelowa nyuma?" Ngiri akauliza.

"Jasho."

"Jasho la matako tu?"

"Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo!"

Kifaranga mdogo akalala chali, mdomo wazi. Hata kulia hawezi tena. Bi Kanga akamfunika kwa bawa, kisha akamtazama Kingugwa kwa huruma.

"Mzee, lau ningepata maji saa hii, ningekunywesha wewe kwanza, ndipo nimpe mwanangu. Mgonjwa ndiye anayeanza."

Kingugwa akaona aibu. Aibu kweli, ya kumchoma kifuani. Akataka kuinuka. Hainuki! Mchanga uliolowa umemfyonza, matako yamezama.

"Nivuteni!" akalia.

Ngiri akashika mguu, Bi Kanga akashika sikio. Vuta! Hatoki. Vuta! Hatoki. Vuta! Chubwi! Akatoka, na maji yakapanda hadi ukingoni, meusi tititi.

Wote wakayatazama maji. Kisha wakamtazama Kingugwa.

"Kumbe kiuno chenyewe ndicho hiki," akasema Ngiri.

Kingugwa akainamisha kichwa. "Mtoto aanze," akanong'ona.

"La, mzee," akasema Bi Kanga. "Niliahidi, mgonjwa anaanza. Na mwanangu simpi maji yaliyokaliwa. Kunywa hayo, yaishe, yaje mengine. Na unywe upesi!"

Akanywa. Tope, mchanga, na manyoya yake mwenyewe. Glu! glu! glu! Macho yakamtoka. Ngiri akacheka mpaka akagaagaa. Yale yalipokwisha, mchanga ukatoa maji mapya, masafi. Kifaranga akatiwa tone, akatiwa la pili, akafumbua macho. Kekeke! Wakanywa wote, wakashiba.

Mtazameni fisi hadi leo. Mbele amesimama, nyuma ameshuka. Ni lile shimo.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya hamcheki: maji ni ya kila mwenye koo. Anayeyakalia ili mwenzake asiyapate, naye hayapati, na akiyapata yameshachafuka. Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kiu, mtungi ule pale, ila asiukalie.