Kofia ya Mzee Faki na Povu Lililokataa Kupanda

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi na sungura kusemezana, maana umeme ulikuwapo na ulikuwa ukikatika vilevile, palikuwa na mzee wa Pemba aliyeishi Dodoma. Anayetaka kukaa na akae. Mimi hadithi hii siiwezi nikiwa nimekaa.

Mzee huyo aliitwa Faki Ussi. Kiharusi kilimkuta kwao Kojani, kikamchukua mkono wa kulia na karibu maneno yake yote. Mwanawe Kombo, fundi wa majokofu, akamhamishia kwake Dodoma, ambako bahari ni habari ya redioni tu. Mzee akakataa kula. Anatazama mlango, anatazama dirisha, anarudi kutazama mlango. Kombo akaona baba yake anamfia hivihivi. Akaunda tangi la kioo pale sebuleni, akaagiza maji ya bahari yakaja kwa madumu juu ya lori, na samaki wawili wadogo wa matumbawe, wekundu, wenye mistari myeupe. Siku hiyohiyo mzee akala.

Tangu hapo, kila asubuhi aliuinua mkono wake uliolala kwa mkono ulio hai, akautumbukiza majini. Samaki walikuja wakamdonoadonoa vidole, naye akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichokuwa dawa ya nyumba nzima.

Lakini maji ya tangi si bahari. Uchafu wa samaki hauna pa kwenda, hubaki humohumo ukiyaozesha maji. Wanaojua huweka mtambo wa povu: pampu inavuta maji na hewa pamoja, inavikoroga mpaka vinakuwa povu jepesi, povu linapanda ndani ya bomba likiwa limebeba uchafu, linamwagikia kwenye kikombe juu, nawe unautupa. Mtambo kama huo mjini haukupatikana. Kombo akautengeneza mwenyewe kwa bomba la plastiki na pampu ndogo. Pampu ikawashwa. Viputo vikatoka. Povu likapanda? Halikupanda!

Maji yakaanza kugeuka rangi. Samaki wakaja juu, midomo wazi, wakihema. Samaki walipoacha kula, na mzee akaacha kula. Mnaona sasa kwa nini sikai?

Mzee akawaita waliomo nyumbani. Akaonyesha kidole ukutani, ilipotundikwa kofia ya viua aliyoshonewa na marehemu mkewe, kila tundu kwa mkono, mwaka waliooana. Akajikaza, jasho likamtoka, akatoa maneno mawili.

"Atakayewaponya... yake."

Kofia moja. Na kofia haikatwi vipande kama muhogo.

Kombo akaifungua pampu. Ndani yake kuna impela, yaani pangaboi dogo linalozunguka na kusukuma maji. Ilikuwa na mabawa mapana.

"Hili ndilo tatizo," akasema. "Mabawa haya yanasukuma maji, hewa hayaikati. Viputo vinatoka vikubwa, vinapasuka kabla ya kubeba kitu."

Akayakata mabawa yote, akabakiza kisahani kitupu. Akakitoboa vitundu, akachomeka vijiti vya plastiki, akavigandisha kwa gundi. Sasa impela ilikuwa na miiba badala ya mabawa, ili kila kiputo kikipita kichanwe. Pampu ikawashwa. Ikalia kama mbuzi anayechinjwa, ikatetemeka, ikatema vijiti viwili. Povu likapanda? Halikupanda!

Dada yake, Time, alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba hiyo. Kelele zikamtoa kwa mteja, nusu kichwa kimesukwa, nusu bado.

"Kaka, hebu nione. Lo! Umevipanda kama meno ya mtoto. Huku vimesongamana, huku pengo. Kitu kinachozunguka kikielemea upande mmoja kitaacha kupiga kelele?"

"Basi kisuke wewe."

Alitania, lakini Time hakucheka. Alileta chanuo jipya, akalivunja meno, akaukagua unene wa kila jino. Akakigawa kile kisahani njia kwa njia, kama anavyogawa kichwa kabla ya kusuka, akapanda meno kwa duara, kila jino likitazamana na mwenzake. Mwisho akayapunguza kwa mkasi mpaka yakalingana. Mteja aliita mlangoni mpaka akachoka, akaondoka na nusu kichwa chake. Wallahi, mji mzima ulimwona.

Pampu ikawashwa. Kimya. Viputo vikatoka vidogo, vyeupe, bomba zima likajaa kitu kama tui la nazi. Kombo akamkumbatia dadake. Povu likapanda. Likapanda mpaka karibu na kikombe. Wote wakasimama wakishikana mikono. Asubuhi yake likaanguka, bomba likabaki na maji matupu.

Hapo nyumba ikawaka moto. "Chanuo lako lina mafuta ya nywele!" akafoka Kombo. "Nimelitoa dukani limefungwa!" akajibu Time. "Gundi yako ndiyo sumu!" Alasiri povu lilipanda kidogo, asubuhi likaanguka tena. Wakaifungua pampu, wakaifunga, wakaifungua. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu, na samaki mmoja alikuwa ameshalala ubavu.

Sasa yupo wa tatu, Sechelela, mke wa Kombo. Mgogo wa hapohapo, bahari hajawahi kuiona. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini katika nyumba ile mgeni nani na mwenyeji nani, niambieni ninyi. Tangu mkwewe aletwe, yeye ndiye aliyekuwa akimkanda ule mkono kwa mafuta ya nazi, alfajiri mpaka jua litoke, kidole kwa kidole, bila kuambiwa na mtu. Akimaliza, humsogeza mzee tangini.

Asubuhi hiyo alimkanda kama kawaida, akanawa, akaenda kuosha sufuria ya mchuzi. Sabuni ikatoa povu, ukoko wa mafuta ulipoingia, povu likafa mikononi mwake. Sechelela akaacha kila kitu. Akakimbia sebuleni na mikono inachuruzika. Mzee alikuwa ameshauzamisha mkono, na juu ya maji palikuwa na utando mwembamba uking'aa.

"Ni mimi," akasema, machozi yakimtoka. "Mume wangu, wifi yangu, msigombane. Mafuta yangu ndiyo yanayoliua povu. Kila asubuhi nampaka baba, kila asubuhi yanaingia majini. Ni mimi ninayewaua samaki wake."

Mzee alisikia. Akautazama mkono wake. Akautoa majini yeye mwenyewe, akaufuta kwenye kikoi, akaukalia kwa paja. Samaki aliye mzima akaja pale kwenye kioo akamngoja. Mzee akageuza uso.

Sechelela akautoa utando kwa karatasi, akipitisha na kuinua, akipitisha na kuinua. Time akabadilisha maji kwa madumu ya maji ya bahari yaliyobaki. Kombo akairudisha impela ileile yenye meno ya chanuo. Pampu ikawashwa. Povu likapanda? Likapanda! Likamwagika kikombeni, jeusi, linanuka, na watu wakalishangilia uchafu ule kama harusi. Jioni samaki aliyelala akainuka. Kesho yake wakala, na mzee akala. Tangu hapo mkono hutangulia majini, mafuta hufuata baadaye.

Sasa kofia.

Kombo akasema: "Bila mimi hakuna tangi, hakuna pampu, hakuna impela yenye miiba. Wazo ni langu, wenzangu wamelinyoosha tu. Tena ni kofia ya kiume."

Time akasema: "Impela yako ilikuwa inalia, yangu ikanyamaza. Kazi iliyofanya kazi ni ya mkono wangu. Na kofia hiyo mama akiishona, mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia uzi. Sitaki kuivaa, nataka kuwa nayo."

Sechelela hakutaka kusema. Walipomshikilia, akasema: "Mimi niliharibu, nikakiri, nikatengeneza. Aliyemwaga akafuta hadai ujira. Lakini baba nilimkanda kwa kumpenda, na hilo sitaliombea msamaha."

Kombo akaguna. Mtu huponyaje alichokiua mwenyewe? Time naye akauliza: sisi tungejuaje, kama si yeye kujitia aibuni?

Wakamgeukia mwenye kofia. Mzee akawatazama mmoja mmoja. Kisha akainuka kidogo kitini, akaitungua kofia ukutani. Na aliitungua kwa mkono wa kulia.

Mkono ule uliolala! Kombo akadhani ni samaki waliouamsha kwa kuudonoa. Time akamtazama Sechelela. Sechelela akaziba mdomo. Mzee mwenyewe maneno yalikuwa bado hayajamrudia. Wote watatu wakapiga magoti mbele yake, vichwa vitatu vimepangana, na kofia iko juu yao, inatetemeka.

Nami nimekuacheni hapo makusudi. Msinitazame, mtazameni mzee, maana mkono umeanza kuchoka na kofia inashuka. Semeni upesi: je, ishukie kichwa cha nani?