Jicho la Mbuni wa Kichuguuni

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia vizuri. Nyie mliokaa upande wa moshi, sogeeni huku, mtaniharibia hadithi kwa kupikicha macho. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, huko nyikani, alikuwepo Mbuni. Miguu mirefu, shingo ndefu, macho makubwa kuliko ya mnyama yeyote pale. Na maringo? Maringo alikuwa nayo tele, na haki ya kuringa alikuwa nayo. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi.

Kiangazi kikikaza, maji yalibaki kwenye bwawa moja tu. Wanyama wote walikunywa hapo. Na mnyama akiinama kunywa haoni mbele wala nyuma. Kwa hiyo mmoja alipanda kichuguu kirefu, akatazama kwa niaba ya wote. Bibi yake Mbuni alisimama pale. Mama yake alisimama pale. Sasa ilikuwa zamu yake. Na mila yao ilikuwa hii: mlinzi hapepesi macho. Akipepesa, anashushwa.

Punda Milia huita kutoka chini, "Mbuni, jicho?"

"Liko wazi!"

"Linafumba?"

"Halifumbi!"

Basi wanakunywa. Gugu, gugu, gugu.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Upepo ukavuma, vuuu! Vumbi likapaa. Mbali huko watu wakachoma mashamba, moshi ukaja. Mbuni akakodoa macho kwenye upepo, akakodoa kwenye vumbi, akakodoa kwenye moshi. Hapepesi. Macho yakaanza kumwasha. Yakamchoma. Akahisi kama yametiwa mchanga. Akayasugua kwa bawa lenye vumbi, sugu, sugu, yakazidi! Yakawa mekundu. Lakini kusema hakusema. Mbuni wa kichuguuni aseme macho yanamuuma? Thubutu!

Siku moja, kwenye ukungu wa macho yake, akaona kitu cha rangi ya majani makavu kimejikunyata.

"Simba! Simba!"

Wanyama wakakurupuka, pata pata pata! Ndama wa Nyumbu akaanguka topeni. Mtoto wa Punda Milia akachubuka goti. Kumbe ni jiwe.

Ngiri akaja, mkia juu. "Dada Mbuni, jiwe hilo liko hapo tangu sijazaliwa. Au leo limeota mkia?"

Wakacheka wote. Punda Milia hakucheka. Akasema taratibu, "Shoga, kesho ukikosea tena, shuka. Mimi nina mtoto."

Neno hilo lilimchoma kuliko moshi. Mbuni akaenda peke yake kwenye matete, kando ya bwawa. Tangu azaliwe hakuwahi kulia. Siku ile alilia. Machozi yakashuka, tiriri, tiriri. Akafumba macho, akafumbua. Akafumba, akafumbua. Lo! Ule mchanga ukalegea. Mbona kunapoa?

Hapo kwenye matete alikuwepo Chura, anakula nzi zake. Kila akimeza, anafumba macho. Kibwi! Anafumba. Kibwi! Anafumba.

"Jirani," Chura akasema, "unalia nini juu ya chakula changu?"

"Silii. Kuna kitu nakijaribu. Chura, wewe kila mara unafumba macho. Huogopi kuliwa?"

"Naogopa sana. Lakini yakikauka nitamwonea wapi huyo mla mimi?"

Mbuni akatumbukiza kichwa kwenye maji safi, akakitoa. Kisha akaenda kulala, macho ameyafumba, bawa halikuyagusa.

Kesho yake akapanda kichuguu. Safari hii akaupa upepo kisogo. Akatazama kulia. Akapepesa. Akatazama kushoto. Akapepesa.

"Amepepesa!" Ngiri akapiga kelele. "Jamani, nimemwona! Amepepesa!"

"Ashuke!"

"Ashuke!"

Mbuni akanyoosha shingo, ikawa ndefu kuliko siku zote. "Sishuki! Bibi yangu alisimama hapa. Mama yangu alisimama hapa. Nami nitasimama hapa. Jana sikupepesa, nikaliita jiwe simba. Leo napepesa, na masharubu ya panya kule bondeni nayaona. Kunyweni maji!"

Wakatazamana. Kiu ilikuwa kali. Punda Milia akamtazama mwanawe, akamtazama Mbuni. Akainamisha kichwa, akanywa. Na wengine wakanywa.

Pepesa, tazama. Pepesa, tazama. Jiwe la jana liko palepale. Lakini nyuma ya jiwe nyasi zinainama, na upepo hauelekei huko. Pepesa, tazama. Ncha mbili nyeusi. Masikio!

"Simba! Nyuma ya jiwe! Kimbilieni kwenye matete!"

"Jiwe tena," Ngiri akaanza. Hakumaliza. Jiwe likanguruma! Pata pata pata! Mtoto wa Punda Milia akakimbia na goti lake bovu, mama nyuma yake, na mbele ya wote alikuwa Ngiri, mkia juu. Simba akaruka, akatua patupu, puu! Vumbi lote likamwingia machoni. Akakaa chini, akayasugua kwa makucha.

Mbuni alikwishafika mbali. Akageuka, akasimama kwa maringo yote ya ukoo wake, akaita, "Usisugue, bwana mkubwa! Pepesa!"

Tangu siku hiyo mila ikabadilika. Punda Milia huita, "Mbuni, jicho?"

"Linapepesa!"

"Linaona?"

"Linaona!"

Na mtoto wake hunywa mpaka tumbo linajaa.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Jivunie kazi yako, lakini kitunze kiungo kinachoifanya. Jicho linataka maji yake na mapumziko yake. Likikuwasha, toka kwenye moshi, upe upepo kisogo, lifumbe, ulifumbue, lioshe kwa maji safi, usilisugue. Likizidi kuuma, nenda hospitali, usilifiche kama Mbuni. Nawe unayekodolea simu hapo pembeni, nimekuona, hujapepesa tangu nianze.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya kichuguu. Haya, wote, fumbeni macho. Fumbueni. Mnaniona?