Fisi Asiye na Nafasi

Ngano, ngano!
— Njoo polepole, na sisi tumechoka!

Haya. Mimi nimechoka kuwashinda, kwa hiyo atakayenikatiza atamalizia mwenyewe.

Hapo kale Fisi, mwenye mabega kama ng'ombe, alijenga banda la nguruwe wanane. Akaweka wanane. Akaona upenyo, akaongeza wanane. Akaona bado wanapumua, akaongeza wanane tena. Kulala kwa zamu, kula kwa mateke, kugeuka hakuna. Na nguruwe akikosa pa kugeukia, hugeukia mkia wa jirani. Ng'wa! Kwii! Ng'wa! Kwii! Mikia ikaisha mmoja mmoja.

Mama Nguruwe alizaa saba humo. Watatu wakalaliwa, wakafa. Asubuhi akamwita mwenye banda.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Tunaomba nafasi."

"Marahaba. Leo sina nafasi, nina shughuli."

Kesho yake tena.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Tunaomba nafasi."

"Marahaba. Nimesema sina nafasi!"

Siku hiyo akalaliwa mtoto wa nne. Mama Nguruwe hakulia. Machozi nayo huchoka, wanangu.

Basi ukutani aliishi Panya, ambaye kwa kelele zile hakuwa amelala miezi miwili. Akamwendea Fisi, macho mekundu.

"Mjomba, umemwona yule mnono wa kule nyuma? Mafuta yanamdondoka mpaka sakafu inateleza."

Mate yakamtoka Fisi, chururu! "Mbona mimi simwoni?"

"Utamwonaje, na umewajaza hivyo? Ingia umchague."

Fisi akaingia. Akajipenyeza, akajipenyeza, katikati akakwama. Mbele nguruwe, nyuma nguruwe. Nje, kacha! Panya kaangusha komeo.

Ng'wa! Safari hii mkia wa Fisi.

"Wuu! Nipeni nafasi!"

"Hatuna nafasi, bwana," wakajibu nguruwe. Hawakumdhihaki, kweli hawakuwa nayo.

"Panya, mpwa wangu, nifungulie!"

"Sina nafasi, mjomba. Nina shughuli."

Ng'wa! Ng'wa! Kwa uchungu Fisi akausukuma ukuta kwa mabega yake yale. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kwaa. Mara ya tatu, puu! Ukuta chini, Fisi mbio, na mkia kaukunja mpaka leo.

Nguruwe wakatawanyika shambani, kila mmoja na kivuli chake. Mama Nguruwe akajilaza ubavu, akanyoosha miguu yote minne, wanawe watatu wakanyonya bila kukanyagwa. Alilala siku mbili, na mimi namwonea wivu.

Panya naye akaenda shimoni akalale. Akakumbuka shimo lilikuwa ukutani.

Ngano yangu imekwisha. Atakaye nyingine akalime.

— Na funzo lake, Bibi?

Funzo? Banda dogo halina ubaya wowote, wanangu. Ubaya ni mwenye banda kuingia ndani.